Barnard ya 1843 au Walton ya 1867: albamu ipi ya picha za Milima ya Alpi ununue?

Tuseme unazo fedha za albamu moja tu ya kale yenye picha za Milima ya Alpi, na umeshaamua iwe ya lithografia, yaani picha zilizochapwa kutoka kwenye jiwe, si kwenye bamba la shaba. Kwenye minada na maduka ya vitabu vya kale ya Ulaya majina ni mengi, ila mawili yanastahili kuwekwa mezani kwa pamoja. Moja ni *Switzerland: Scenes and Incidents of Travel in the Bernese Oberland* ya George Barnard, iliyotolewa London na Thomas McLean mwaka 1843. La pili ni *The Peaks and Valleys of the Alps* ya Elijah Walton, iliyotolewa London na Day & Son mwaka 1867. Zote ni kubwa, za kulaza mezani na kufunua kwa mikono miwili. Zote ni kazi ya Mwingereza aliyekwenda milimani kwa miguu yake. Kufanana kwao kunaishia hapo. Miaka 24 iliyo kati yao iligeuza uchapaji, ikageuza wasafiri, ikageuza hata kile ambacho watu walitaka kukiona wakitazama mlima.

Upande wangu niuweke wazi mapema: mimi ningechukua Barnard. Lakini yupo mnunuzi ambaye Walton ndiyo yake hasa, na nitajaribu kumtendea haki.

Jiwe ni lile lile, kazi ni mbali

Lithografia ilibuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790. Msingi wake ni jambo analolijua kila mpishi: mafuta na maji hayachangamani. Jiwe la chokaa, na yaliyo bora kabisa yalitoka Solnhofen huko huko Bavaria, husagwa uso mpaka ukanyooka. Mchoraji huchora juu yake kwa kalamu ya mafuta, kisha jiwe hulowanishwa. Wino ukipitishwa, hushika palipochorwa na kukataa palipolowa. Kwa mchoraji wa safari hii ilikuwa neema kubwa, kwa sababu angeweza kuchora juu ya jiwe mwenyewe, bila kumpitia mchongaji wa shaba wa kumtafsiria mistari yake.

Albamu ya Barnard ni ya aina inayotumia mawe mawili. La kwanza hubeba mchoro wenyewe kwa wino mweusi. La pili hubeba rangi moja tulivu, kama ya mchanga, inayofunika karibu picha nzima. Panapotakiwa mwanga, rangi ile hukwanguliwa kutoka kwenye jiwe la pili, na karatasi tupu ndiyo inayobaki ikionekana. London ufundi huu uliimarishwa katika miaka ya 1830 na mchapaji Charles Hullmandel akiwa na wachoraji kama J. D. Harding, na Barnard alikuwa mwanafunzi wa Harding. Kwa hiyo alilelewa katika kundi la watu walioijua kalamu ya jiwe kama walivyoijua penseli.

Walton ni kromolithografia, yaani lithografia ya rangi nyingi. Godefroy Engelmann wa Mulhouse aliipatia hataza mwaka 1837, na kufikia miaka ya 1860 ilikuwa imeenea Ulaya. Kila rangi ina jiwe lake, na karatasi moja hupita mashineni mara nyingi. Ikihama kidogo tu katika mojawapo ya safari hizo, ukingo wa mlima hutoka ukiwa na utepe wa rangi pembeni. Picha 21 za albamu hii zilitokana na michoro ya rangi za maji ya Walton, na aliyezihamishia kwenye mawe ni J. H. Lowes. Alikuwa fundi hodari, hilo halina ubishi. Hata hivyo, ukiitazama Walton unatazama mikono ya watu wawili.

Njia bora ya kuuona utofauti huu ni kuchukua lenzi ya kukuzia mara kumi na kuiweka pale theluji inapokutana na anga. Kwenye Barnard utaona chembe nyeusi za kalamu, zimevunjikavunjika kwa sababu ya ukwaru wa jiwe. Pembeni yake kuna rangi ya mchanga iliyolala sawasawa, halafu ghafla weupe, wenye ukingo mkali kama wa kisu, kwa sababu ulitengenezwa kwa kisu. Hakuna wino hapo hata kidogo, ni karatasi. Kwenye Walton, mahali pale pale utakuta matabaka: waridi juu ya buluu, zambarau hafifu juu ya kijivu, vitone na mabaka yanayopishana. Ondoa lenzi, rudi nyuma hatua moja, na mabaka yale yanageuka kuwa mwanga wa jioni.

Theluji ya nani ni ya kweli zaidi?

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotewa na uamuzi, kwani Walton huvutia kwanza. Ukifunua albamu yake mbele ya wageni, watanyamaza. Yeye aliichunguza theluji akajua kwamba mara nyingi si nyeupe: asubuhi ina waridi, kivulini ina buluu, na machweo huitia rangi ya kaa la moto linalozimika. Aliyewahi kukaa Zermatt, kijiji cha Uswisi kilicho chini ya mlima Matterhorn, mpaka jua likazama atakubali kwamba hakudanganya.

Barnard hana rangi hizo na hazihitaji. Weupe wa karatasi uliozungukwa na rangi ya mchanga hung'aa kwa namna ambayo wino hauwezi. Kila mtazamaji akiipeleka picha karibu na dirisha, theluji ya Barnard hubadilika pamoja na mwanga wa chumba, maana ni karatasi inayopokea mwanga. Theluji ya Walton hubaki na saa ile ile aliyoichora. Kwa macho yangu, kitu cha kwanza ndicho kinachokaa na mtu miaka mingi bila kumchosha. Ile ya pili huisha utamu mapema, ingawa siku ya kwanza ilikuwa tamu kupita kiasi.

Najua wapo wakusanyaji wazoefu wasiokubaliana na hili, na sababu zao si dhaifu. Wanasema mlima bila rangi ni nusu ya mlima.

Wasafiri wawili wa zama mbili

Barnard alikuwa shemeji ya Michael Faraday, mwanasayansi aliyegundua mwaka 1831 jinsi sumaku inavyozalisha umeme. Dada yake, Sarah Barnard, ndiye mke wa Faraday. Mwaka 1841 Faraday alikuwa amechoka akili kwa kazi, akapelekwa Uswisi kupumzika, na waliosafiri naye ni mkewe pamoja na George Barnard na mke wake. Miaka miwili baadaye albamu ikatoka. Mimi hilo hunisaidia kuielewa: ni macho ya mtu aliyepita Oberland, eneo la milima la Bern, akiwa na familia, akingoja mvua ikatike, akitazama watu.

Jina lenyewe la albamu linasema ni mandhari na visa vya safari, na ndivyo ilivyo. Mwaka 1843 bado hakuna reli ya kupanda kwenye vijiji vya huko vya Lauterbrunnen wala Grindelwald. Hiyo ilikuja 1890. Thomas Cook hajaleta kundi lake la kwanza Uswisi. Hilo ni la 1863. Mtu anakwenda kwa miguu, au juu ya baghala, au anabebwa kwenye kiti na wanaume wa kijijini, na maziwa ya Thun na Brienz anayavuka kwa chombo. Katika picha za wakati huo watu ni sehemu ya mandhari, na mlima uko nyuma yao. Unajifunza jinsi nyumba ya mbao ilivyowekewa mawe juu ya paa ili upepo usiling'oe, na jinsi njia ilivyokuwa nyembamba.

Walton aliingia wakati mwingine kabisa. Klabu ya wapanda milima ya Uingereza, Alpine Club, ilianzishwa London mwaka 1857. Tarehe 14 Julai 1865 Edward Whymper na wenzake sita walifika kilele cha Matterhorn, na wanne kati yao wakafa wakati wa kushuka. Albamu ya Walton ilitoka miaka miwili baada ya msiba huo, kwa wasomaji walioyajua majina ya vilele kama wanavyojua majina ya ndugu zao. Maelezo yake yaliandikwa na T. G. Bonney, mwanajiolojia ambaye baadaye alikuwa rais wa klabu hiyo, kwa hiyo maandishi yake yanajali mwamba ni wa aina gani na umekunjwa vipi. Kama wewe hupenda kujua mlima umetengenezwa na nini, hapo Walton imeipita Barnard mbali sana.

Kwa ufupi wa haki: Barnard amechora safari, Walton amechora vilele.

Barafuto ambazo hazipo tena

Kuna thamani moja ambayo wauzaji wengi hawaiandiki kwenye matangazo yao. Barafuto za Alpi, yaani mito ya barafu inayoteremka milimani polepole, zilikuwa kubwa mno katikati ya karne ya 19. Barafuto la chini la Grindelwald lilifikia upeo wake wa karne hiyo mwaka 1855 na 1856, kisha likaanza kurudi nyuma, na leo ulimi wake umekwisha kabisa pale wasafiri wa zamani waliposimama kuutazama. Wataalamu wa historia ya hali ya hewa nchini Uswisi hutumia michoro na picha za chapa za zamani kupima barafuto lilifika wapi mwaka gani.

Kwa kipimo hiki Barnard yuko upande wa kabla ya upeo ule na Walton yuko upande wa baada yake. Ukipata nafasi ya kuzitazama zote mbili, hata kwa picha za mtandaoni, tafuta eneo linalofanana na ulinganishe. Kwa matumizi ya aina hiyo ningemwamini zaidi Barnard kwenye mabonde, palipo na nyumba na miti ya kupimia, na Walton huko juu.

Na sisi tunaotoka nchi ya Kilimanjaro tuna sababu yetu ya kulitazama jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1848, miaka mitano tu baada ya albamu ya Barnard, mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameiona theluji juu ya Kilimanjaro. Huko London, William Desborough Cooley aliyekuwa akihesabiwa mjuzi wa jiografia ya Afrika alikataa katakata kuamini. Theluji waliyoizoea wasomi hao ilikuwa ya Alpi, na ilikuwa tayari imewafikia mezani ikiwa imechapwa vizuri.

Kabla ya kulipa

Sehemu hii ndiyo itakayokuokolea fedha, kwa hiyo nitakaa nayo.

Anza na jalada la Barnard. Katika miaka ya 1840 albamu nyingi kubwa za lithografia za London hazikushonwa kwa uzi. Kurasa zilikatwa kila moja peke yake, zikashikanishwa mgongoni kwa gundi ya mpira, njia iliyopewa hataza mwaka 1836. Kwa miaka michache ilikuwa nzuri, kitabu kilifunguka wazi kabisa. Kisha mpira ukakauka, ukageuka unga wa kahawia, na kurasa zikaachia. Ndiyo maana utakuta nakala nyingi za aina hii zikiuzwa kurasa zikiwa zimelegea ndani ya jalada lake la asili. Hilo lisikutishe. Nakala iliyolegea lakini iliyotimia ni bora kuliko iliyojalidiwa upya juzi juzi na kukatwa pambizo ili ziingie kwenye ngozi mpya. Kinachotisha ni kwamba kurasa zilizolegea huibiwa au huuzwa moja moja kwa watu wa fremu. Kwa hiyo hesabu picha zote moja baada ya nyingine, ukizilinganisha na orodha iliyo ndani ya albamu yenyewe, usikubali neno la "inaonekana imetimia".

Rangi ni mtego wa pili. Wachapaji wa zama za Barnard walizoea kutoa aina mbili: ya kawaida yenye rangi ya mchanga tu, na ya gharama iliyopakwa rangi kwa mkono na kubandikwa juu ya kadi. Nakala ya pili ikiwa ya kweli huwa na bei kubwa, na ndiyo sababu kuna watu waliozipaka rangi nakala za kawaida miaka mia moja baadaye. Tazama madoa ya kahawia ambayo karatasi ya kale huyapata. Rangi ikiwa imepita juu ya doa, ujue doa lilitangulia. Tazama pia pale palipokwanguliwa weupe: mpakaji wa baadaye asiyeelewa kazi hufunika hata sehemu ambazo msanii alizihifadhi kwa makusudi. Mimi kati ya nakala safi isiyopakwa na nakala iliyopakwa yenye shaka, sifikirii mara mbili.

Kwa Walton, kagua kadi. Picha zake hubandikwa juu ya kadi nene, na kadi za wakati huo zina asidi. Hubadilika rangi, hupinda, hukatika pembe. Picha yenyewe inaweza kuwa nzima huku kadi ikivunjika mkononi. Kisha ipeleke chini ya mwanga wa pembeni uone kama kuna mikwaruzo, kwa sababu wino mwingi uliorundikwa juu juu hukwaruzika kirahisi. Kagua pia upangaji wa rangi: nakala ambayo mawe yake yalikaa sawa na nakala ambayo yalihama zinatoka katika toleo lile lile, na bei haipaswi kuwa moja.

Ukisoma katalogi utakutana na sentensi inayojivunia kwamba albamu "haimo katika Abbey". Abbey ni J. R. Abbey, mkusanyaji wa Kiingereza ambaye orodha yake ya vitabu vya safari vyenye picha za chapa ilichapwa mwaka 1956 na 1957, na mpaka leo ndiyo rejea ya biashara hii. Lakini orodha hiyo inaishia mwaka 1860. Walton ni ya 1867, haikuwa na namna ya kuwemo. Muuzaji akikutajia hilo kama ushahidi kwamba albamu ya Walton ni adimu, amekuambia habari zake mwenyewe kuliko za albamu.

Unayeishi Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar au Muscat ujiulize pia juu ya hewa. Joto humalizia gundi ya mpira iliyobaki, na unyevu huleta ukungu kwenye kadi nene haraka kuliko kwenye karatasi ya kawaida. Barnard iliyolegea inaweza kuhifadhiwa vizuri ndani ya sanduku la karatasi isiyo na asidi. Walton inadai chumba chenye hewa kavu mwaka mzima.

Kama zote mbili zimekushinda bei

Kuna njia ya kununua picha moja moja. Sikatazi, maana picha iliyokwisha kutolewa kwenye albamu yake haitarudi, na heri ikae ukutani kwa mtu anayeipenda. Ninachopinga ni kununua albamu nzima ili kuichana. Kila anayefanya hivyo anapunguza idadi ya zilizotimia, na hazichapwi tena.

Ukipanda upande wa juu wa bei kuna Lory, baba na mwana, wachoraji wa Uswisi, na safari yao ya Geneva hadi Milan kwa njia ya mlimani ya Simplon, iliyochapwa Paris mwaka 1811 ikiwa na picha 35. Hizo si lithografia, ni za bamba la shaba zilizopakwa rangi kwa mkono, na ni za kiwango kingine cha fedha. Nazitaja kwa sababu muuzaji asiye makini huweza kuziita lithografia.

Upande wa chini kuna fotokromu, zilizobuniwa Zürich katika miaka ya 1880 katika kampuni ya Orell Füssli. Hapo picha ya kamera huhamishiwa kwenye mawe ya lithografia na kuchapwa kwa rangi kadhaa. Zilichapwa kwa wingi, zinapatikana kwa bei ambayo mwalimu anaweza kulipa, na nyingine ni nzuri kweli kweli. Anayeanza kukusanya angeanzia huko, ajifunze kutumia lenzi, kisha apande.

Na kabla ya kutoa hata senti moja, tazama bure. Chuo Kikuu cha Lausanne kina hifadhi ya mtandaoni iitwayo Viatimages, yenye picha za vitabu vya safari za Alpi. Tovuti ya e-rara inaonyesha vitabu vya kale kutoka maktaba za Uswisi. Maktaba ya Taifa ya Uswisi iliyoko Bern ina mkusanyiko wa Gugelmann, uliotolewa zawadi mwaka 1982, kwa anayetaka kuwaona wachoraji wa mandhari wa Uswisi waitwao Kleinmeister, yaani "mabingwa wadogo", waliowatangulia hawa wawili.

Nani achukue ipi

Mpanda milima, mtu wa jiolojia, au mwenye ukuta mkubwa na chumba kikavu anayetaka picha za kutundika kwa zamu, achukue Walton, mradi mawe yamekaa sawa na kadi ni nzima. Asijute.

Anayesoma historia ya safari, anayependa kuona mkono wa mchoraji, anayetaka albamu ya kurudia jioni baada ya jioni, achukue Barnard isiyopakwa rangi, iliyotimia, yenye pambizo zake zote, hata kama kila ukurasa umeachia. Muombe muuzaji akupigie picha ya kila ukurasa, mbele na nyuma, na mgongo wa jalada kwa karibu. Akikataa, ngoja nakala nyingine.